Mukandekezi na Kadi ya Chipu Mbili

Siku Mukandekezi alipopoteza kibanja chake, hakunyang'anywa kwa nguvu wala hakukiuza. Alikuwa amesimama kwenye banda letu la jenereta, mkono wa kulia umeshika leva ya mafuta, na kibanja chote, migomba, mibuni na nyumba, kilikuwa kinaning'inia kwenye mkono huohuo. Angeiachia leva, kingebaki chake. Watu wa Isingiro wameisimulia sana habari hii, na wengi wanaisimulia vibaya. Naisimulia mimi kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu kosa lililomfunga pale bandani nililifanya mimi.

Mimi ni Asia, binti wa Abdulatifu mwenye duka. Babu alitoka Pangani na mzigo wa chumvi na kaniki, akafika Karagwe, akaoa, akasahau njia ya kurudi. Baba alirithi duka la njia panda, akaongeza jenereta nyuma yake: injini ya dizeli ya silinda moja iliyozungusha dainamo kwa mkanda mrefu. Jua likizama iliwashwa, na maduka na nyumba za karibu zikapata mwanga. Umeme wetu haukupimwa kwa mita, ulipimwa kwa taa. Ukitaka kuunganishwa ulisema unataka taa mbili au tatu, na kila kitu kingine kiligeuzwa kuwa taa. Redio kubwa ilikuwa nusu taa, televisheni taa mbili, na pasi ilikatazwa kabisa, hata kwa sheikh.

Aliyeshika hesabu hiyo kichwani alikuwa Mukandekezi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye masikio yaliyotokeza kidogo, na wahuni wa njia panda walimwita Mama Injini. Alizaliwa hapahapa, lakini baba yake, Sibomana, alitoka Rwanda miaka ya hamsini kuja kuchuma kahawa za watu, akapewa kipande cha juu ya kilima ambacho wenyeji hawakukitaka kwa sababu ya upepo. Sibomana akapanda migomba, akajenga, akazeeka, akazikwa. Mukandekezi akaolewa na Mbonimpa, fundi wa mashine ya kukoboa kahawa kule Nyakakika. Mwaka 1978 vita vilipoanza, magari ya jeshi yalihitaji mafundi. Mbonimpa akamwambia mkewe amshikie mashine kidogo, akapanda lori. Hakurudi, wala haikuja barua. Mukandekezi akaendelea kushika. Mashine ile ilipofungwa alihamia kwa baba, na mwaka huo ninaousimulia, 1999, alikuwa amezishika mashine za watu kwa miaka ishirini na moja, na bado anasema anamshikia mumewe.

Hakuwa na kifaa cha kupimia chochote. Alisikiliza. Ungemkuta amekaa kwenye kigogo nje ya banda anamenya ndizi, halafu ghafla anainua kichwa na kusema kwamba fulani ameongeza taa ya chooni. Tukienda kuangalia, tunaikuta. Injini ilipokuwa mpya ilibeba taa ishirini bila kulalamika. Ilipozeeka, Mukandekezi alisema inabeba kumi na tano, na aliyetaka kujua zaidi ya hapo alimwambia akabebe yeye.

Mwaka huo kijiji kilikuwa na kesi ya mpaka na ranchi iliyo nyuma ya kilima. Makubaliano ya wazee yalikuwa mepesi: mvua ikinyesha kilimani, ardhi ambayo maji yake yanatiririkia kwetu ni yetu, na ambayo maji yake yanatiririkia ranchi ni ya ranchi. Kisha mtu mmoja ofisini, ambaye sidhani aliwahi kupanda mlima wowote, akachukua rula na kuchora mpaka kwenye karatasi, moja kwa moja kutoka jiwe kubwa hadi darajani. Mstari ule ulizitupa familia tisa upande wa ng'ombe. Mojawapo ilikuwa ya Kampire, mjane aliyekuwa jirani na rafiki wa Mukandekezi tangu walipokuwa wasichana. Kibanja cha Mukandekezi chenyewe, huko juu, kilibaki ndani ya kijiji. Hakuna aliyekuwa na shaka nacho, hata yeye mwenyewe.

Ndipo mradi wa kupima ardhi ukamleta Ndyamukama. Alikuwa kijana wa Bukoba, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi, na alikuja na Landrover yenye masanduku yaliyovingirishwa blanketi kama wagonjwa. Ndani mlikuwa na kompyuta. Alisema amepiga picha nchi yetu kutoka angani, na kompyuta inaweza kuzisimamisha zile picha mpaka vilima viinuke kwenye kioo, uvizungushe, uone kila bonde, na maji ameyachora kwa rangi ya buluu. Kamati ya ardhi ingekaa siku ya Alhamisi. Kama picha itaonekana, mpaka utafuata maji. Isipoonekana, bwana ardhi wa wilaya atasaini karatasi ya rula, kwa sababu alikuwa na siku hiyo moja tu. Kwa hiyo mashamba ya familia tisa yalitegemea injini ya baba yangu.

Jumatano tukafanya majaribio kwenye ghala la ushirika lililo jirani na duka. Mukandekezi alimsimamisha Ndyamukama kabla hajachomeka waya wowote, akamtaka amwambie kila sanduku linakula taa ngapi. Kijana akasoma maandishi ya nyuma, akapiga hesabu. Kompyuta yenyewe taa tano. Kioo, ambacho kilikuwa kikubwa kupita televisheni yetu, taa tatu. Stebilaiza taa moja. Kisha akafika kwenye kisanduku cheusi chenye waya wake wa pembeni, akasita. Alisema hicho ni chakula cha kadi ya picha. Kadi hiyo ilikuwa mpya kabisa, wafadhili ndio walioileta, na ilikula taa moja ikipumzika, taa nne ikifanya kazi.

Mukandekezi alitaka kuiona. Ndyamukama akafungua ubavu wa kompyuta, akamwonyesha ubao mrefu kuliko kiganja, wenye feni mbili ndogo. Alieleza kwamba kompyuta nyingine zina chipu moja ya kuchora picha, lakini hii ilipewa mbili, na zinagawana kazi, mstari huu wa picha unachorwa na hii, mstari unaofuata unachorwa na ile. Ndiyo maana vilima vinazunguka bila kukwama. Na ndiyo maana kompyuta ilishindwa kuilisha, ikabidi ipewe kisanduku chake.

"Basi ni kama nyumba ya wake wawili," Mukandekezi akasema. "Kazi inakwisha upesi, lakini majiko ni mawili."

Baba akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana kwetu mama walikuwa wawili. Mukandekezi hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya ile kadi, anasikilizia joto. Alisema kitu kinachotoa joto kinakula, hata kama hakiwaki. Laiti ningelisikia neno lile vizuri.

Akajumlisha. Taa kumi vilima vikiwa vimetulia, kumi na tatu vikizunguka, na injini inabeba kumi na tano. Tukajaribu. Vilima vilipoanza kuzunguka, injini ilizama kidogo, gavana, kile kidude kinachoiongezea mafuta ikilemewa, ikaivuta juu tena, ikakaa. Tuliviona vilima vyetu wenyewe vikigeuka kwenye kioo, na Kampire, aliyekuja kutazama, alifunika mdomo kwa mikono miwili. Mukandekezi akatuambia sote kwamba kesho kisiongezwe kitu chochote. Kipaza sauti kisiwepo, taa ya ghala isiwepo, na friji ya dukani ichomolewe.

Alhamisi watu walijaa tangu saa tano. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Kashaija, mtu wa haki lakini mgumu wa taratibu. Alisoma masharti kwa sauti: kila mwenye shamba linaloguswa na mpaka ataitwa, atasimama mbele ya picha, atajieleza yeye mwenyewe. Akiitwa mara tatu asitokee, haki yake ya kusema imekwisha. Na mpaka wote utaandikwa kama mstari mmoja, utasainiwa mara moja, mwisho wa kikao. Bwana ardhi alikubali, akaangalia saa. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Nyakasimbi, naye alisema saa kumi lazima awe barabarani kabla udongo haujalowa. Meneja wa ranchi alikaa mbele, ametulia kama mtu anayesubiri usafiri.

Mimi nilikuwa dukani. Baba akaja mbio akaninong'oneza kwamba bwana wa wilaya amepewa soda ya moto, ni aibu gani hii, nifanye chochote. Nikaitazama friji. Ndani yake kuna kitaa kidogo, nacho kiliungua zamani. Kwa miaka yote friji ile haikuwahi kuhesabiwa, kwa sababu ilikuwa ya mwenye jenereta, na kwa sababu haikuwaka. Kwetu sisi wa dukani, kisichowaka hakikuwa umeme. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha kidato cha nne, sina ujinga wa kujitetea nao. Nilichomeka friji.

Kumbe dakika hiyohiyo Ndyamukama alikuwa ameanza kuzungusha vilima. Friji ikila kwa utulivu inakula taa mbili, lakini inapoamka hujinyanyua kwa nguvu ya taa kumi. Injini ikashtuka kama mtu aliyekanyagwa. Ikazama, ikatoa moshi mweusi, nikasikia Mukandekezi akiita, halafu sauti ya chuma kukatika. Kule ghalani watu wakaguna wote kwa pamoja. Kioo kilikuwa kimezimika.

Nikachomoa friji, nikakimbilia bandani. Mukandekezi alikuwa ameinama, ameokota springi ya gavana, vipande viwili. Hiyo springi ndiyo inayoifanya injini ijiongeze yenyewe mzigo ukizidi. Bila hiyo, injini haijui kama imelemewa.

Hakuinua hata macho. "Nani kawasha friji?"

"Mimi."

Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Yeye akafuta mafuta kwenye vidole vyake kwa kitambaa.

"Usiseme leo," akasema. "Ukisema, yule meneja atasema mashine imechezewa. Kikao kitavunjika, na karatasi itasainiwa."

Ghalani meneja alikuwa tayari ameshasimama, anashauri kwamba kwa kuwa mitambo imekataa, waheshimiwa waendelee na karatasi. Ndyamukama alikuwa ameinamia kompyuta yake anainusa, anaibonyeza, jasho linadondoka kwenye miwani. Akasema kadi haijaungua, lakini betri ya akiba ilifia njiani, na umeme ukikatika tena wakati chipu zote mbili zinafanya kazi, hatoi ahadi. Bwana ardhi akaangalia saa. Ilikuwa saa saba na nusu. Akatoa nafasi moja, ya mwisho.

Mukandekezi alijaribu kufunga mpira wa tyubu ya baiskeli mahali pa springi. Ulidumu dakika moja, ukalainika kwa joto. Akautupa. Akaishika leva kwa mkono wake, akaisukuma juu kidogo, akaishusha, sikio limeelekea kwenye injini. Ikawa mkono wake ndio gavana. Tatizo lilikuwa moja: gavana husubiri mzigo uje ndipo ivute, lakini mkono wa mtu huchelewa. Alihitaji kujua mzigo unakuja kabla haujaja.

Basi nikasimamishwa mlangoni mwa ghala, mahali ninapoweza kuona kioo na banda kwa pamoja. Ndyamukama akiwa tayari kuzungusha vilima, ananitazama. Ninainua kanga yangu juu. Mukandekezi anasukuma leva, injini inanguruma zaidi, akitosheka anaitikia kwa kichwa, nami nashusha kanga, vilima vinazunguka. Vikitulia, nainua tena, naye anarudisha. Akikosea kwa kupunguza, kioo kinazimika. Akikosea kwa kuzidisha, umeme unapanda na kadi inaungua. Injini hiyo ilipozwa kwa maji ya tangi, na kila baada ya mzunguko mmoja ilinibidi nikimbie kuongeza ndoo, maana yalikuwa yanachemka.

Shamba la kwanza likaonekana. Maji ya buluu yalishuka upande wetu, wazi kabisa, hata kipofu angeambiwa akaelewa. Mwenye shamba akaitwa, akajieleza. La pili hivyohivyo. La Kampire lilikuwa la tano. Alisimama mbele ya kioo akiwa ameshika kitambaa cha kichwani, aliulizwa amekaa pale miaka mingapi, akasema amezika hapo watoto wawili, hajui kuhesabu kwa namna nyingine. Nilimwona bwana ardhi akiandika kitu kwenye kijitabu chake. Meneja wa ranchi hakuwa ametulia tena.

Ilipofika shamba la tisa, mkono wa Mukandekezi ulikuwa umeanza kuvimba. Leva ilikuwa chuma tupu, nayo imepata moto kutoka kwenye injini. Nilimpa kanga yangu nyingine avingirishe, akakataa, alisema kitambaa kinamziba asisikie. Mtu atashangaa mkono unasikiaje. Mimi sikushangaa, nilikuwa nimemtazama saa mbili nzima.

Saa kumi kasorobo Ndyamukama akasema amebakiza mzunguko mmoja, wa kileleni, ili mstari uungane. Nikainua kanga. Injini ikanguruma. Kilima kikageuka taratibu, tukaona kilele chetu kutoka upande ambao hakuna aliyewahi kukiona, kama ndege anavyokiona. Na mistari ya buluu ikatoka kwenye kibanja cha Mukandekezi, yote, ikashuka kwenda ranchi.

Pale juu ni tambarare kama sinia, na hakuna aliyewahi kufikiri maji yake yanainamia wapi. Meneja alisimama polepole. Aliomba picha isimamishwe hapohapo, isizimwe, mpaka mstari uandikwe. Mzee Kashaija akauliza ni shamba la nani. Watu wakatazamana, kisha mtu mmoja akalitaja jina. Katibu akaita kwa sauti, "Mukandekezi binti Sibomana." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Nilikimbia bandani. Nilimweleza nikiwa natweta, kwamba maji yake yanakwenda kule, kwamba mstari unakatiza mbele ya nyumba yake, kwamba anaitwa. Kisha nikasema nililolisema. Mpaka leo sijui kama nilifanya wema au uovu.

"Mama, ukiachia sasa, picha inakufa. Watasaini karatasi, na kwenye karatasi wewe umo ndani."

Aliuliza, "Na Kampire?"

"Kampire anatoka. Wote tisa wanatoka."

Alitazama leva. Nilitaka aachie. Nasema wazi, nilitaka aachie, na nilimwomba Mungu amlegeze vidole. Watu tisa wale nilikuwa nawajua kwa majina, lakini huyu ndiye aliyekuwa amesimama mbele yangu na mkono umevimba. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama anataka kulia, ila hakulia.

"Kibanja ni cha baba yangu," akasema. Halafu akasema, "Shika hapa. Niende nikajieleze."

Alikuwa na haki. Masharti yalisema mtu aliyekaa muda mrefu akijieleza, kamati inaweza kuandika abaki. Miaka arobaini na zaidi haikuwa muda mfupi. Nikaishika leva. Ilinichoma, nikaing'ang'ania. Alisogea pembeni hatua moja, mbili, akafika mlangoni mwa banda. Injini ikabadilisha mlio. Nilisikia imebadilika, lakini sikujua inataka nini, zaidi au pungufu. Nikasukuma. Kutoka ghalani Ndyamukama akapiga kelele kwamba umeme unapanda. Nikashusha, injini ikaanza kuzama. Mukandekezi akarudi kwa hatua mbili zilezile, akaniondoa kwa bega, akaishika. Injini ikatulia.

Kutoka ghalani katibu akaita mara ya pili.

"Nenda uwaambie niko hapa," akaniambia.

Nilikwenda. Nilipita katikati ya watu wazima bila hodi, nikasimama mbele ya kamati, nikasema Mukandekezi yupo, ndiye aliyeshika injini, akiiachia picha itazimika. Nikaomba picha izimwe kwanza, aje aseme, ndipo waandike. Meneja akasema picha ikizimwa hakuna ushahidi, na masharti yanataka mtu ajieleze mbele ya picha. Nikaomba basi wamfuate bandani, ni hatua thelathini. Tone la kwanza la mvua likagonga bati. Bwana ardhi akafunga kalamu, akaifungua tena.

Mzee Kashaija alinitazama kwa huruma, hilo sitamnyima. "Binti, mtu hasemewi na mwingine," akasema. "Wewe si ndugu yake, wala si kabila lake, wala shamba si lako. Katibu, ita."

Katibu akaita mara ya tatu. Niliwatazama wale tisa waliokuwa wamekaa kwenye benchi. Kampire alisimama, akasema kwa sauti ya kukwama kwamba huyo mama ana miaka yote hiyo pale, anaapa. Wanane walitazama miguu yao. Nikiwakumbuka, damu bado inanichemka. Wangesimama wote, hata bwana ardhi angeona haya. Lakini kila mmoja alikuwa ameshika shamba lake moyoni na anaogopa lisije likamponyoka.

Katibu akaandika, akisoma kwa sauti kadiri anavyoandika: mwenye shamba aliitwa mara tatu, hakutokea. Wakasaini. Bwana ardhi akapeana mikono na watu, akapanda gari, mvua ikamfuata nyuma.

Ndyamukama alizima kadi, akazima kioo, akazima kompyuta, kisha akanipa ishara. Nilirudi bandani nikainua kanga kwa mara ya mwisho. Mukandekezi hakuiachia injini kwa hasira kama ambavyo mimi ningefanya. Aliishusha kidogokidogo mpaka ikanyamaza yenyewe. Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye leva. Nilimwambia walivyoandika.

"Hakutokea," akarudia. Alikaa kwenye kigogo chake. "Sasa mimi nilikuwa wapi, Asia?"

Nikalia mimi badala yake. Usiku huo nilimweleza baba habari ya friji. Alikwenda kwa Mzee Kashaija asubuhi yake, akakubali aibu yote mbele ya kamati, akaomba shauri lifunguliwe upya. Akajibiwa kitabu kikishasainiwa hakifunguliwi. Baba aliyakoma maneno yake ya soda baridi tangu siku hiyo, lakini hilo halikumsaidia mtu.

Ranchi ilimpa Mukandekezi hadi kahawa iishe kuvunwa. Siku ya kuhama, familia tisa zilijua, tulipita nyumba kwa nyumba. Zilikuja mbili. Moja ilibeba bati. Nyingine ilikuwa ya Kampire, aliyekuja na panga na jembe, akachimbua machipukizi ya migomba ya mzee Sibomana na kuyabeba kichwani safari sita kushuka kwake. Alikuwa ameamua kumpa mwenzake kipande cha shamba, upande wa chini, hapo mvua inapotua vizuri. Mimi nilibeba machipukizi mawili kwa safari moja, nikachekwa na wote wawili kwa kuyashika kichwa chini miguu juu.

Tulipomaliza kupanda, Kampire alileta miche ya omuramura, mti ule wa majani marefu ambao huku kwetu ukipandwa mpakani hakuna anayethubutu kuung'oa. Akamkabidhi Mukandekezi, akamwambia apime mwenyewe, apande pale moyo wake unapotosheka. Mukandekezi akaipokea kwa mkono wa kushoto, ule mwingine ukiwa bado umefungwa bendeji. Kisha akamrudishia.

"Panda wewe," akasema. "Nikipanda mimi, siku moja watauliza nani aliniruhusu, na mimi nitakuwa kwenye injini."